Mgeni wa Miezi Sita

Kuna maneno ambayo waongoza watalii huyasema, maandishi mengi ya Kiingereza kuhusu ndege wetu huyarudia, na sisi huyapitisha bila kuuliza. Ati mbayuwayu ni mgeni wa majira ya baridi. Ati korongo mweupe ni mgeni wa majira ya baridi. Keremkerem wa Ulaya naye, mgeni wa majira ya baridi. Baridi ipi? Ndege hawa huanza kufika Septemba na Oktoba, hujaa Novemba pamoja na mvua fupi, hukaa nasi Januari na Februari wakati jua linachoma mpaka ng'ombe wanagombania kivuli cha nguzo ya stima, kisha huondoka Machi na Aprili. Baridi yetu ni ya Juni na Julai, ile ya Limuru na Kinangop, ya sweta mbili na kuota jiko. Wakati huo mbayuwayu wa kaskazini hayupo.

Maneno hayo yalitungwa na mtu aliyesimama dirishani kwake huko kaskazini, akaona theluji, akaona ndege hawapo, akasema wameenda kutembea. Sawa. Kila mtu huitazama dunia kutoka mlangoni kwake. Kosa ni letu sisi tuliochukua maneno yake tukayameza mazima mazima, mpaka leo mtoto wa Nyahururu anaambiwa kwamba ndege anayemwona shambani kwao zaidi ya nusu ya mwaka ni mgeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa miezi sita na zaidi. Hajapewa jembe, hajaandikwa kwenye daftari, wala hajaulizwa habari za safari. Nasema hivi waziwazi: mbayuwayu si mgeni, ni mwenyeji mwenye nyumba mbili. Na kwa kuwa tumekubali kumwita mgeni, tumeacha kumhesabu. Siku atakapokosa kurudi, hatutajua.

Tuanze na hesabu. Huko Uingereza mbayuwayu hufika Aprili na kuondoka Septemba au mapema Oktoba. Miezi inayobaki yuko njiani au yuko Afrika. Sasa mchukue ndege mwingine, mdogo, wa rangi ya kahawia isiyovutia macho, anayependa vichaka vya majimaji. Wanasayansi humwita Acrocephalus palustris. Huyu hukaa Ulaya miezi miwili mitatu tu kuanzia Mei, anazaa, analea, anafunga safari. Miezi mingine yote iko njiani na huku kwetu Afrika. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, taa za hoteli iliyo juu ya ukingo wa mlima huwavuta ndege wanaosafiri gizani, wakashuka kwa maelfu. Tangu 1969 watu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, wakiwavisha mguuni pete ndogo yenye namba na kuwaachilia waendelee na safari. Huyu wa kahawia ni mmoja wa wanaonaswa kwa wingi zaidi.

Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Ubelgiji. Alikuwa akisikiliza madume wa ndege huyo wakiimba, akagundua kwamba wimbo wao karibu wote ni uigaji wa sauti za ndege wengine. Alitambua sauti za spishi 212. Za Ulaya zilikuwa 99. Za Afrika zilikuwa 113. Dume mmoja, kwa wastani, alikuwa ameiga spishi 76, na zaidi ya nusu yake ni za Afrika. Kwa hivyo mwanakijiji wa Ubelgiji anapofungua dirisha asubuhi ya Juni na kusema, "Sikia ndege wetu anavyoimba," anachosikia ni sauti za vichaka vya huku, alizozikariri mtoto wa ndege katika mwaka wake wa kwanza wa maisha. Huyo ndiye mgeni kweli? Mgeni gani anajua nyimbo za wenyeji kuliko watoto wa wenyeji?

Sasa twende Januari, maana hapo ndipo neno hili "mgeni" linapotugharimu.

Sisi tukiwa juani, Uingereza iko kwenye baridi, na watu wake wanahesabu. Tangu 1979 kuna hesabu ya mwisho wa Januari inayoendeshwa na shirika la RSPB: watu kwa mamia ya maelfu huketi saa moja dirishani au bustanini na kuandika ndege waliotua. Mbali na hiyo kuna wale wa mashambani ambao huandika mwaka mzima. Mtu na mbwa wake, kando ya shamba la ngano, anaandika tarehe, mahali, jina la ndege, idadi. Ni kazi ya kawaida tu, kama mama wa hapa anavyoandika deni la maziwa.

Na baridi ikija nyepesi, madaftari hayo huchangamka. Desemba 2015, kwa mfano, ilikuwa Desemba yenye joto zaidi katika kumbukumbu za hali ya hewa za nchi hiyo. Katika majira kama hayo huonekana ndege ambao zamani wangekuwa wameshavuka kwenda kusini. Kuna ndege mdogo wa kijivu mwenye kofia nyeusi, wa Ujerumani na Austria, ambaye siku hizi idadi kubwa yake hupitisha baridi katika bustani za Waingereza, akila wanachomwekea. Hata mbayuwayu, wachache sana, wameonekana kusini mwa nchi hiyo katikati ya baridi. Wasomaji wa kule huzipokea habari hizo kwa furaha: jamani, mbayuwayu Januari! Mimi nikizisoma nauliza swali la upande wa pili. Ndege akionekana Januari mahali ambapo hakuwa akikaa Januari, basi kuna mahali pengine ambapo amekosekana.

Sisemi kwamba mbayuwayu yuleyule aliyeonekana Cornwall angetua Nakuru. Mbayuwayu wa Uingereza wengi huishia Afrika Kusini. Ninachosema ni kwamba safari hizi si amri iliyoandikwa kwenye jiwe. Ndege husafiri kwa sababu ya chakula, na chakula hufuata joto na mvua. Joto likibadilika, safari hufupishwa. Na safari ikifupishwa, anayepungukiwa ni yule aliye mwisho wa njia.

Waingereza wenyewe wanalijua hilo vizuri, kwa sababu kwa ndege mmoja wao ndio walio mwisho wa njia. Kuna batamaji mweupe anayezaa Urusi, karibu na Aktiki, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija Uingereza kukimbia barafu. Pale Slimbridge, mwaka 1964, Peter Scott alianza kuwatambua mmoja mmoja kwa alama za manjano na nyeusi za midomo yao. Kila aliyefika aliandikwa. Miaka ilivyosonga, na baridi za bara la Ulaya zilivyokuwa nyepesi, wengi walianza kuishia Ujerumani na nchi jirani. Hawaoni sababu ya kuendelea. Mwingereza anayesimama leo kando ya bwawa anaweza kukwambia wamepungua, na anaweza kukuonyesha tangu lini. Kilichomwezesha ni daftari, hakuna kingine. Bila daftari la 1964 angebaki na ile kauli ya wazee kila mahali: zamani walikuwa wengi.

Sisi ndio mwisho wa njia kwa korongo, keremkerem, tai wa nyika za Asia, na makundi ya ndege wa ufukweni. Tuko kwao pale alipo Mwingereza kwa batamaji. Daftari letu liko wapi?

Mtazame korongo mweupe. Hispania na Ureno, tangu miaka ya 1980, korongo wengi zaidi na zaidi wameacha kuvuka kuja Afrika. Wanapitisha baridi hukohuko, wakishinda kwenye majaa ya taka, ambako chakula hakikosekani. Hao ni wa magharibi, na safari yao ilikuwa ya Afrika Magharibi. Wetu ni wa mashariki. Hupita Bosporus, wakashuka Israeli, wakafuata bonde la Nile mpaka kwenye nyasi na mashamba ya ngano ya Narok na Laikipia. Wetu bado wanakuja. Lakini ndugu zao wameshatuonyesha kwamba korongo akipata shibe karibu na kwao hajisumbui. Na ndege asiyekuja hapigi simu. Hakuna mzoga wa kuona, hakuna harufu, hakuna mtu wa kushtakiwa. Shamba linabaki kama lilivyo, ng'ombe wanakula, trekta inalima, na msimu unapita. Kutokuwepo kunaonwa tu na mtu aliyekuwa akiangalia tangu mwanzo.

Najua kuna watakaoniambia kwamba Kenya inahesabu. Ni kweli, na heshima yao wapewe. Chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki, kinachojulikana leo kama Nature Kenya, kilianzishwa 1909. Ndege wa majini wa maziwa ya Bonde la Ufa wamekuwa wakihesabiwa Januari tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walichapisha atlasi ya ndege wa Kenya, na mwaka 2013 ukaanza mradi wa Kenya Bird Map, unaoigawa nchi katika viraba vya kilomita kama 9 kwa 9 ili kila kiraba kipate orodha yake. Hiyo ni kazi kubwa ya watu wachache. Na neno ni hilo: wachache. Nchi ina spishi zaidi ya 1,000 za ndege na mamilioni ya watu wanaoamka alfajiri kwenda shambani, halafu kumbukumbu zake zinabebwa na watu unaoweza kuwajaza kwenye mabasi kadhaa.

Faida ya kuandika tumeiona kwa macho yetu. Mwaka 2022 watafiti, Darcy Ogada akiwa miongoni mwao, walilinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kando ya barabara za Kenya miaka ya 1970 na hesabu za kuanzia 2003. Tai, tumbusi, mwewe na jamaa zao, spishi 22, nyingi zikiwa zimepungua vibaya. Tunalijua hilo kwa sababu kuna mtu, miaka ya 1970, aliyekuwa akiendesha gari huku akiandika. Asingeandika, leo tungekuwa tunabishana kwenye matatu kama kweli tumbusi walikuwa wengi. Lakini hesabu ya barabarani huona kinachoonekana barabarani. Nyuma ya kile kilima, kwenye shamba la mahindi la mjane fulani ambaye gari halijawahi kufika kwake, nani aliandika?

Hapo ndipo watu huanza kunicheka. Pingamizi la kwanza nalijua kwa moyo: kutazama ndege ni mambo ya wazungu. Ni kofia pana, darubini, na suruali yenye mifuko isiyohesabika. Mkenya ana kazi.

Pingamizi hili lina dharau ndani yake, na dharau yenyewe tunajifanyia wenyewe. Watu wa nchi hii wametazama ndege kwa makini tangu kabla ya darubini kuja. Waborana wa kaskazini mwa Kenya humfuata ndege wa asali, yule anayeita na kuruka mti hadi mti mpaka akakuonyesha mzinga wa nyuki. Wao humwita kwa mluzi, naye huja. Wataalamu wengi wa ng'ambo walikuwa wakiliona jambo hilo kama hadithi za wenyeji, mpaka Hussein Adan Isack, Mkenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walipolipima na kuchapisha matokeo mwaka 1989 katika jarida la Science. Katika maeneo wasiyoyazoea, wawindaji asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila ndege, na saa 3.2 wakiongozwa naye. Wazee walikuwa wanajua tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi nao, kwa lugha yao, akaandika.

Nenda pwani. Kalenda ya kule ni ya pepo, kaskazi na kusi. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, na wakati wa kaskazi ndipo hufika Mida Creek na mlango wa Sabaki ndege wa ufukweni wa kila namna. Miongoni mwao ni yule mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, mla kaa, anayezaa kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba na Bahari ya Shamu. Mvuvi anayejua siku ya maji makuu na maji mafu anajua pia ni lini ndege hao hutua na ni lini huondoka. Muulize. Hajawahi kuulizwa.

Rudi bara, Novemba, mvua ikishanyesha usiku na kumbikumbi wakaruka. Watoto wanaowakusanya kwenye sufuria wanajua kwamba angani watakuja kozi wadogo kwa makundi, wakizunguka na kula hukohuko hewani. Wengi wa kozi hao wametoka mashariki mwa Urusi na kaskazini mwa China, bonde la mto Amur, wakapitia India na kuvuka bahari. Mtoto hajui Amur. Lakini anajua siku, na siku ndiyo inayotakiwa.

Na kama bado unabisha, nenda kwenye mashamba ya mpunga, Mwea au Ahero, umwone mtu anayeamia ndege. Anaamka kabla ya jua, anashinda na kombeo na makopo mpaka magharibi, msimu baada ya msimu. Anajua kwelea wanatokea upande gani, wanatua saa ngapi, ni ndege gani wengine wako katikati yao, na ni yupi akipita juu kwelea wote wananyamaza. Katika nchi hii hakuna mtazamaji wa ndege aliyezoea kazi kumzidi. Hana kofia pana tu.

Huyohuyo mwamiaji ndiye atakayenipa pingamizi la pili, na hili nalichukulia kwa uzito. Atasema: ndege unaowalilia wanakula jasho langu. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na wanakuja kwa maelfu kwa maelfu. Mwanzoni mwa 2023 walivamia mpunga wa Kisumu mpaka serikali ikapuliza sumu. Mtu aliyeona gunia zake zikitoweka kwa wiki moja hataki kusikia mashairi kuhusu mabawa.

Sina mashairi. Nina swali la kilimo. Ili kumpiga kwelea lazima ujue amefika lini, wapi, akiwa wangapi, na analala kwenye matete gani. Hiyo ni hesabu ya ndege. Tunapokosa hesabu, tunaishia kupuliza sumu kwa kuchelewa na kwa kubahatisha, na sumu ile haichagui: kozi na mwewe wanaokula kwelea aliyelewa dawa hufa pia, na mwaka unaofuata kwelea anarudi na adui zake wamepungua. Upande wa pili, korongo na keremkerem tunaowaita wageni hushinda wakila wadudu. Korongo mweupe anafuata viwavijeshi na nzige popote walipo. Nzige walipoingia nchini mwisho wa 2019, uvamizi mbaya zaidi kwa miaka 70, tulijifunza kwa haraka bei ya kuwapiga dawa kwa ndege za chuma. Sitakudanganya kwamba korongo angewamaliza. Nasema tu kwamba mwenye shamba ana haki ya kujua ni vibarua wangapi wa bure aliokuwa nao mwaka jana na ni wangapi amebaki nao.

Pingamizi la tatu huja kwa upole, kutoka kwa wasomi. Mkulima hawezi kutofautisha spishi, kwa hivyo taarifa zake zitaharibu kumbukumbu. Tuanze na vijindege vya kahawia: nakubali, vile vinawatatiza hata maprofesa. Basi mwachie profesa. Lakini korongo mweupe mwenye miguu myekundu, anayesimama kwa makundi kwenye shamba lililovunwa, nani atamkosea? Keremkerem anayepita juu akilia Oktoba, nani atamsahau? Chagua ndege watano au sita ambao hata mtoto wa darasa la tatu hawezi kuwachanganya, na utapata madaftari ya kuaminika kutoka kila kata.

Na hapa kuna suala la lugha ambalo wasomi hao hawaligusi. Orodha nyingi za ndege zinazotumika nchini ni za Kiingereza. Ndege wa kifua cha manjano wa nyasi za Kinangop, ambaye hapatikani popote duniani nje ya Kenya, anabeba jina la Richard Bowdler Sharpe, aliyekuwa mtunza ndege wa makumbusho huko London. Mtu wa Kinangop akitaka kutoa habari za ndege wa shambani kwake, lazima kwanza amtaje Mwingereza. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba kitabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege wake yaliyotokana na watu. Sisi hatuhitaji hata kubadilisha. Tunahitaji kukubali kwamba jina la Kikuyu, la Kijaluo, la Kiborana au la Kiswahili likiandikwa kwenye fomu, fomu hiyo ni halali, na kazi ya kulioanisha na jina la Kilatini ni ya yule aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Basi nataka nini? Sitaki warsha hotelini, na bahasha ya nauli. Nataka mambo madogo ambayo hayana kisingizio.

Nataka shule za mashambani zipewe ndege watano wa kuandika. Kila mzazi wa siku hizi anajua gharama za miradi ya shule, manila na gundi na mabango. Mradi huu unahitaji penseli na macho. Tarehe ya kwanza mbayuwayu kuonekana juu ya uwanja wa shule, tarehe ya mwisho kuonekana. Daftari likae shuleni, lisitupwe mtoto akimaliza. Baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na kitu ambacho chuo kikuu hakina.

Nataka redio za lugha za mama, ambazo kila asubuhi hutupatia bei ya viazi na matangazo ya mazishi, zitenge dakika mbili kuanzia Oktoba. Mtu apige simu aseme: hapa Ol Kalou wamefika leo. Hapa Timau bado. Hiyo ni habari kama bei ya viazi.

Nataka afisa wa kilimo anayezunguka kuuliza habari za viwavijeshi aongeze swali moja kwenye fomu yake: korongo mmewaona?

Na juu ya yote nataka tujifunze kuandika sifuri. Hili ndilo gumu zaidi, maana mtu hujisikia mjinga kuandika kwamba hakuona kitu. Mwaka huu Januari, shamba la juu, korongo: sifuri. Ndiyo. Iandike hivyohivyo, na tarehe, na jina lako. Sifuri ya mtu aliyeangalia ina thamani sawa na mia moja ya mtu aliyebahatika kupita. Kumbukumbu za wapitaji hujaa ndege walioonekana. Za wenyeji pekee ndizo zinazoweza kusema ni nani hakuja.

Kaskazini baridi itaendelea kuwa nyepesi mwaka huu na mwingine, na wao wataandika kila ndege aliyeamua kubaki kwao. Hilo ni jukumu lao na wanalitimiza. Jukumu la kuandika aliyekosekana ni letu, na hakuna mtu wa Slimbridge wala wa Ubelgiji anayeweza kulifanya kwa niaba yetu, kwa sababu yeye hayupo hapa Januari. Sisi tupo. Oktoba ijayo mbayuwayu wakitua kwenye waya wa stima mbele ya duka, wahesabu kabla hujalipia mkate, na uandike nyuma ya risiti.